Kiti ya Marehemu Baba Ndani ya Saloni Yetu ya Mupya

Mama Numbi mpendwa,

Minye ninakusikilizaka kila siku ku redio nikiwa ku jiko, na nilikuwa ninachekaka sana bantu benye kukuandikia, ninasema aba bantu beko wazimu, namna gani muntu anaacha mambo ya nyumba yake inafika ku redio, kumbe Mungu alikuwa ananisikia, leo ni zamu yangu, naomba msaada wako mbele kichwa yangu ipasuke, na tafazali soma barua yote bila kuruka, ju mutaa muzima banashajua na haya yangu imeisha.

Minye ni bibi wa ndoa ya kanisa, tunaikala huku Panda na bwana yangu Guy, mwenye anatumika kazi ya kuvunja mawe kule Kakontwe, na tuko na binti yetu mumoja, Jessica. Mwaka huu Mungu alitusaidia tukamaliza nyumba yetu, nyumba ya kisasa kabisa, karo nyeupe chini, bile vigae ya kung'aa, taa ya kujificha mu plafo, kule juu ku dari, televizyo ya kubandika ku ukuta, na foteyi ya kijivu, ile kochi ya laini yenye ilitoka Chine, na kila muntu mwenye kuingia anasema yoo Bibiane, hapa ni Ulaya, minye ninacheka, lakini mu roho ninajisikia kama iko kitu inapunguka, ile saloni ilikuwa baridi kama duka, hakuna hata kitu moja mule ndani yenye inajua jina yangu.

Sasa nikaanza kuangalia mapicha ku telefone, nikaona bantu benye bako na nyumba ya kisasa banachukuaka bitu ya zamani ya wazazi, banaitengeneza, banaiweka katikati ya bitu ya mupya, na nyumba inapata roho, nikasema eh, minye pia niko na wazazi, na kule Kikula ku nyumba ya Baba kuko bufe, ile kabati ya vioo ya kuweka sahani, kuko meza ndogo, na kuko ile kiti.

Mama Numbi, hii kiti nikueleze vizuri. Ni kiti kubwa ya mbao ya mulombwa, Baba aliifanyisha wakati alipata kazi ku kiwanda, ku usine, na mikono ya kiti ilikuwa imelainika ju ya mikono yake. Hakuna mutoto alikuwa anaikalaka mule, hata Baba akisafiri. Alikufa mwaka juzi, na ku matanga wazee bakamuuliza kaka yangu Octave apyane, ni kusema achukue jina na nafasi ya Baba, baikalishe yeye mu ile kiti, Octave akasema tutaona, kwanza nipate kazi ya kueleweka, na Baba mudogo Barthélemy, mudogo wa Baba mwenye anaikala Kakanda, akasema basi tutakusanyika siku ingine, bakakunywa, bakatawanyika, na mpaka leo hakuna mwenye amekusanyika. Ile kiti ikabakia inje ku baraza, mvua inaipiga, na kuku ilianza kutagia mayai mule.

Njo maana niliichukua! Nilifika na kigari ya kusukuma, nikachukua bufe, nikachukua meza ndogo, nikachukua na kiti. Mama yangu, Mama Berthe, alikuwa ameikala pembeni ku kiti ya plastiki, na kitambaa yake nyeusi ku kichwa, akaniangalia tu, akauliza, "Utairudisha?" Nikamujibu, "Tutaona, Mama."

Fundi wa mbao, anaitwa Rolly, akaikwangula na msasa mpaka mbao yenyewe ikatokea, nyekundu, minye nikalia pale pale mu vumbi yake, nikamuona Baba. Bufe alisema tuipake rangi nyeupe ifanane na karo, nikakubali, na ninajuta, sasa iko kama friji. Lakini kiti! Tulitoa ile ngozi ya zamani yenye ilioza, tukatengeneza ressorts, bile springi ya ndani, tukaweka velu, kitambaa ya mahameli, ya kijani, ile kijani ya muzito, nikaiweka chini ya dirisha pembeni ya foteyi ya kijivu, na nyumba ikapata roho, ninakuapia, bantu balikuwa banaingia banaacha kuangalia televizyo banaangalia kiti.

Mwanzoni Guy aliikataa. Alizaliwa Lubumbashi, mambo ya bukwe, ile miiko ya mukwe na bakwe wake, anaijuaka ya kusikia tu, lakini hata yeye alisema, "Bibiane, hii ni kiti ya baba-mukwe yangu, minye siikali." Alikuwa anaizunguka kama imbwa ya muntu mwingine. Lakini mugongo inamuumaka sana ju ya kazi ya mawe, na ile foteyi ya Chine inazama, na minye njo nilimushika mukono, Mama Numbi, siwezi kukuficha, minye na mudomo yangu nilimuambia, "Ikala tu, hii haiko tena kiti ya Baba, hii ni velu." Akaikala. Akasema ayii. Na tangu ile siku hakuna mahali ingine alikuwa anaikala.

Sasa sikia vile ilifika. Ilikuwa siku ya Mungu, tumetoka ku misa, mpira iko ku televizyo, Guy eko mu kiti na singleti, miguu juu ya meza ndogo, ile ile ya Baba, telekomande mu mukono, sahani ya kalanga ku paja. Mulango ilikuwa wazi. Baba mudogo Barthélemy akaingia, alitoka Kakanda bila kutuambia, minye nilikuwa ninaleta maji, nikamuona amesimama. Aliangalia kiti. Akaangalia miguu ya Guy. Akavua kofia, na minye nikafunga macho ninangojea kelele.

Kelele haikukuya. Nikafungua macho, nikaona muzee muzima amepiga magoti ku karo yangu, anapiga makofi polepole, mikono imekunjwa, vile banasalimiaka mukubwa. Akasema, "Yaya, umerudia?" Yaya, ni vile alikuwa anamuitaka Baba, mukubwa wake.

Guy akageuka kuangalia nyuma yake, dirisha tu. Akauliza, "Papa, unasalimia nani?"

"Ninasalimia weye, Yaya. Nani mwingine eko mu kiti yako?"

Kisha akanigeukia minye. "Na weye unasimama hapo unaangalia nini? Piga magoti, salimia baba yako."

"Baba mudogo, huyu ni Guy, bwana yangu!"

"Alikuwa Guy," akasema. "Mwenye kuikala mu kiti ya mufu kabla mupyani hajaikalishwa, yeye njo amepyana. Sasa ni baba yako. Na tangu lini mutoto mwanamuke analalaka na baba yake?"

Mawe, mama yangu! Gilasi ilinitoka mu mukono. Guy akaruka mu ile kiti, kalanga yote ikamwangika, na ku televizyo bakafunga goli na hakuna hata mumoja alipiga kelele. Jessica alikuwa amesimama ku mulango ya chumba, akaniuliza, "Mama, basi nimuite Papa ao Nkambo, kama babu yangu?" Sikujua nimupige ao nilie.

Guy hakukula ile siku. Alichukua mufuko yake akaenda ku nyumba ya kaka yake Shituru, na mpaka leo eko kule, ninamupigia telefone ananiambia, "Bibiane, ninakupenda sana, lakini minye siwezi kulala na mutoto yangu." Octave, badala ya kunisaidia, alinipigia anacheka, "Mambo imeisha, shemeji amepyana, aksanti sana, sasa amutunze na Mama." Ku koro ya kanisa, ku kwaya, bamama banasimama kuimba banakumbuka banacheka, na Baba mudogo alisema wazi, ao tuvunje ndoa, ao Guy abebe mambo yote ya nyumba ya Baba.

Ile kiti iko hapa inaniangalia. Siku moja ninasema niichome. Siku ingine ninasema niiuze, iko mama mumoja ku WhatsApp anaitaka. Siku ingine ninasema nitoe velu, nitafute ngozi ya kuoza, niirudishe ku baraza kama haikutembeaka. Niambie, Mama Numbi, nifanye nini, na ile yenye inanichoma zaidi, niambie wazi: ni kweli bwana yangu ni baba yangu?

Minye Bibiane, Panda.

*

Bibiane binti yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika pale Barthélemy anapiga magoti nikatafuta kiti cha kukaa, kisha nikaogopa kukaa. Yoo! Miaka yote ninajibu barua za watu wa Likasi: waume wenye kukimbia, wake wenye kuficha, wachungaji wenye kula mbuzi wa wengine. Mukwe aliyesalimiwa kama mufu huku ameshika telekomande, huyo ni wa kwanza.

Tuanze na kinachokuchoma. Guy si baba yako. Mwite, weka redio karibu, na yeye asikie. Kupyana si kukaa, ni kukalishwa. Mtu hapyani kwa matako yake mwenyewe. Wazee wanamshika mkono, wanamkalisha mbele ya ukoo wote, wanampaka unga, wanamwita kwa jina la marehemu, na yeye anaitika. Guy alikalishwa na nani? Na maumivu ya mgongo na wewe. Kama kukaa tu kungetosha, basi kuku wa mama yako walipyana zamani, na hao vifaranga ni wadogo zako, uwasalimie.

Na ufikirie kidogo, kama una nguvu. Kama Guy ni baba yako, mama yako ni nani kwake? Unaona? Hata Barthélemy hakuthubutu kumaliza hiyo sentensi, kwa sababu anajua ni upuuzi.

Usinichekee haraka lakini, sijamaliza na wewe. Guy hakupyana, ila kosa alifanya, kosa kubwa la bukwe. Mukwe halali kwa mkeka wa baba-mukwe, hali kwa sahani yake, hakai kwa kiti chake, na asiniambie alizaliwa Lubumbashi, kwani Lubumbashi hakuna wakwe? Tena yeye alikataa! Alisema mwenyewe, mimi sikai. Wewe ndiye uliyemshika mkono. "Hii ni velu," ulimwambia. Bibiane, msasa unatoa vanishi ya zamani, hautoi baba. Ulitaka kitu chenye kujua jina lako ndani ya saloni, ukakipata, kisha ukakifanya kama hakijui kitu.

Sasa huyo baba mdogo wako. Barthélemy anazijua desturi hizi kuliko mimi, alizaliwa ndani yake. Anajua kabisa kwamba Guy hakukalishwa. Basi kwa nini alivua kofia na kupiga magoti kwenye karo zako? Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Octave anasema aksanti, sasa shemeji amutunze Mama. Barthélemy anasema Guy abebe mambo yote ya nyumba. Eh! Mzigo ulikuwa barazani tangu mwaka juzi, Octave anaukwepa, na Octave akiukwepa unamwangukia Barthélemy, na hakuna aliyetaka kuuinua. Walipomwona mukwe amekaa wakamtwisha, wakapiga na makofi. Kiti kilipokuwa kinanyeshewa na mvua hakuna aliyetoka Kakanda kuja kulia. Kimepata velu, wote wamekumbuka ukoo.

Sikia utakachofanya, na ukifanye hivi hivi.

Usikichome. Kuchoma kiti cha mzazi ni neno ambalo utalilipa mpaka wajukuu. Yule mama wa WhatsApp mwambie akatafute cha baba yake. Na huo ujanja wa kurudisha ngozi iliyooza, uache, mama yako si kipofu. Velu ibaki. Ulikitengeneza kwa mapendo, hakuna mufu aliyewahi kugombana na velu.

Guy aende kwa mama yako. Asiende peke yake, aende na kaka yake wa Shituru amsemee, maana mukwe mwenye kosa hajisemei. Abebe kuku mweupe na kitenge kizuri, akae chini kwenye mkeka, akubali kosa, anyamaze. Mama yako akimpa maji ya kunywa, akayanywa, jambo lake limeisha, na arudi nyumbani kwako, kitandani kwako, siku hiyo hiyo. Jessica amwite Papa. Mtu mwingine akimwita Nkambo, mwambie alete kwanza unga wa kumkalishia.

Kiti Guy asikiguse tena, hata kukipangusa vumbi. Kitabebwa na Octave. Si fundi, si kigari, Octave kwa kichwa chake mwenyewe, kutoka Panda mpaka Kikula, watu wamwone. Mwambie Mama Numbi amesema hivyo ku redio, tuone kama atacheka. Na Barthélemy umwite kwa heshima, umpikie bukari na samaki, yeye ni baba yako mdogo hata akikosea, lakini umwite nyumbani kwa mama yako, si kwenye saloni yako. Kiti kiwekwe katikati ya kiwanja. Hapo usipige kelele, usilie, useme neno moja tu: "Wazazi wangu, mulisema Guy amepyana kwa kukaa hapa. Hakukalishwa, hana haki. Mwenye haki akae." Kisha unyamaze. Mmoja wao atakaa, ninakuapia, kwa sababu kukikimbia tena mbele ya mashahidi ni aibu nzito kuliko mzigo wenyewe.

Bufe na meza ndogo, hizo si za kupyana, zinaweza kubaki kwako, ila muulize mama yako kwa mdomo, na safari hii ungojee jibu. Ile rangi nyeupe mwite Rolly aikwangue yote. Mulombwa hauna haya ya kusimama karibu na foteyi ya Chine, wewe ndiye ulikuwa na haya. Na miguu ya Guy itoke kwenye ile meza. Pale chini ya dirisha pabaki wazi, mpaka mama yako akupe kitu kwa mkono wake.

Nimebakiza neno moja, na hili ndilo limeninyima usingizi, si Guy wala telekomande.

Barua yako ni ndefu. Umenieleza karo, umenieleza plafo, rangi ya velu umeitaja na uzito wake. Mama yako umempa nusu ya mstari: kiti ya plastiki, kitambaa nyeusi. Bibiane, wewe ni mtoto wa Kikula, hukujiuliza kwa nini mama yako angali na kitambaa cheusi, wakati baba yako alikufa mwaka juzi? Mjane havuliwi nguo za matanga kabla mupyani hajakalishwa. Haendi kwenye arusi akacheza. Wenzake wakivaa kitenge kipya yeye anaangalia. Anakaa kwenye plastiki pembeni ya kiti cha mume wake, anangojea mwanaume mmoja wa ukoo huo awe na moyo wa kukaa, ili yeye aweze kusimama.

Halafu wewe ukaja na kigari, ukakibeba. Alikuuliza neno moja tu, utairudisha, nawe ukamjibu kama Octave: tutaona.

Zima redio sasa. Nenda Kikula, ukamjibu mama yako.